Granti za kilimo wakati huu wa korona (2020), kuna mwenye kiwanda kidogo aliyewahi kupata kweli?

mamaunga_kisauni
Asalaam aleikum, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua haya mambo ya granti, zile pesa za msaada zisizorudishwa, maana mimi nasoma nikifika katikati kichwa chauma.

Nna kiwanda kidogo Kisauni, Mombasa, twatengeneza unga wa muhogo na krispi za muhogo. Tuko watano wa kudumu, mzigo ukiwa mwingi naita kina mama wa jirani waje kumenya. Muhogo natoa Kwale, Msambweni na Lunga Lunga, mara nyingine Kilifi. Kabla ya korona krispi zilikuwa zaenda hoteli za Nyali mpaka Shanzu, na unga wachukuliwa na watu wawili wa jumla pale soko la Kongowea. Mwezi wa tatu hoteli zikafunga, kuna moja mpaka leo hawajanilipa na simu hawashiki. Halafu tarehe 8 mwezi wa nne Mombasa, Kwale na Kilifi zote zikafungwa, mzigo wa chakula una ruhusa kupita lakini dereva kila kizuizi asimamishwa, barua iko wapi, apimwe joto, maneno, na muhogo mwaujua nyinyi, ukishang'olewa siku ya pili ya tatu ushaanza kuwa na mistari myeusi ndani. Nimemwaga muhogo mie mpaka basi.

Tumefunguliwa tangu mwezi wa saba ila hoteli nyingi ukienda wakuta mlinzi na paka tu. Sasa mpwa wangu kanitumia kwa wasap tangazo la granti, ya biashara za kilimo zinazosaidia watu kupata chakula wakati wa janga. Wanasema mwombaji naye atoe mchango wake, mimi nilidhani wanatoa kwa sababu tumeishiwa, mbona tena watutaka tutoe? Alafu wataka hesabu zilizokaguliwa, mimi nina daftari na M-Pesa. Na krispi kwani ni chakula cha kumuokoa mtu na njaa, si watanicheka? Na kuna kijana wa hapa mtaani asema nimpe elfu kumi aniandikie kila kitu, ana mtu wake ndani. Ninachotaka hasa ni mashine ya kukaushia, sasa hivi twaanika kwa maturubai juu ya paa na masika yalitutesa. Tafadhalini, lugha nyepesi.

mhasibu_tudor
Waaleikum salaam mama. Huyo kijana wa elfu kumi mwambie asante. Granti ya kweli haina ada ya kuomba, na anayekwambia ana mtu ndani ama anakula pesa zako ama anakutia kwenye rushwa, na ikijulikana utakayefungiwa ni wewe. Kumlipa mtu akusaidie kuandika si haramu, lakini umlipe kwa kazi uliyoiona kwa macho, na maneno yawe yako, maana siku wakija kukuhoji yeye hatakuwepo.

Nimefanya hesabu za miradi miaka mingi kwa hiyo nitasema ninayoyajua. Hizi pesa nyingi ni za kuchangiana, wao waweka zao na wewe zako. Mfuko wa kilimo wa AgriFI kwa mfano, pesa ni za Umoja wa Ulaya, wanaosimamia ni shirika la Self Help Africa, iko hivyo. Si kwamba hawajui biashara zimeanguka, wanachoogopa ni mtu kupewa mashine ya bure akaiacha ishike kutu. Tuseme mashine pamoja na kuifunga ni milioni 2 na wamesema nusu kwa nusu, basi wewe watafuta milioni 1. Mifuko mingine hukubali kitu badala ya pesa, kama jengo ulilonalo au mishahara unayolipa, mingine hukataa katakata wanataka pesa mpya ionekane benki. Na hapa ndipo watu huumia: kitu ulichonunua kabla ya kusaini mkataba kwa kawaida hakihesabiwi. Soma mwongozo pale penye gharama zinazokubalika kabla hata hujajaza jina lako.

Jambo jengine watu hawaliulizi. Pesa hazimwagwi zote siku moja, huja kwa awamu, umefanya hiki, umeonyesha risiti na picha, wamekagua, ndo yaja nyengine, na mifuko mingine wanakurudishia tu zile ulizokwisha kutumia. Kwa hiyo katikati hapo wahitaji pesa za kuendeshea kazi na si za wiki moja. Kuna mtu namjua alishinda granti nzuri tu akaenda kukopa kwa mashailoki, wale wa riba kubwa, ili amalize awamu ya kwanza. Alimaliza. Pikapu ndo ilikwenda.

Hesabu za kukaguliwa lazima zisainiwe na mkaguzi aliyesajiliwa na ICPAK, chama cha wahasibu, na mkaguzi hatungi, anakagua kilichopo. Daftari lako ni mwanzo. Stetimenti ya M-Pesa usiidharau hata kidogo, ila kama mauzo yanaingia laini ile ile ya ada za shule na michango ya harusi basi kazi unayo. Toa namba ya Lipa na M-Pesa ya biashara wiki hii, hata kama granti hutaomba.

dizeli_na_maji
Mama usijisumbue. Pesa hizi zina wenyewe. Mwezi wa tano serikali ilitangaza bilioni 53.7 za kuamsha uchumi, humo bilioni 3 ni vocha za pembejeo kwa wakulima laki mbili, na bilioni 1.5 wakapewa watu wa maua na mboga za kupeleka nje. Maua!! Nani hapa Changamwe alikula waridi wakati wa lokdauni. Granti nazo ni za wasee wa Nairobi wenye viyoyozi wanaojua kuandika Kizungu kirefu, wewe wa maturubai utajaza fomu kurasa thelathini ujibiwe "tunakushukuru kwa kushiriki". Tafuta wateja mama.

bintisamaki_likoni
@dizeli_na_maji Kizungu ni kweli kinatusumbua na fomu ni ndefu, hilo silibishi. Lakini sisi ni kikundi cha kina mama wa samaki na tulipata, ndogo, kabla ya korona, na hakuna aliyekuwa na mjomba Nairobi.

Mamaunga ngoja nikwambie walipokuja kututembelea, maana hapo ndipo tulipojifunza. Ile karatasi tuliyokesha tukiandika hata hawakuifungua. Mmoja alienda moja kwa moja store akahesabu magunia akalinganisha na daftari. Mwengine akauliza wafanyakazi wanaosha mikono wapi, choo kiko wapi, akataka cheti cha afya cha kila anayegusa chakula, si cha mwenye kiwanda peke yake. Alafu akamwita pembeni dada anayepara samaki akamuuliza analipwa kwa siku ama kwa kilo. Mwenyekiti wetu akawa anamjibia kutoka kule, akaambiwa mama subiri. Wallahi nilitaka kucheka nikaogopa.

Kwa hiyo makaratasi yawe tayari: jina la biashara au kampuni kwa eCitizen (tovuti ya serikali), PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na cheti cha kwamba hudaiwi kodi (kile kina mwisho wake, angalia tarehe), leseni ya kaunti, vyeti vya afya, na kwa unga cheti cha KEBS, shirika la viwango. KEBS ukiwa huna bado, andika umefika wapi, usiandike unayo. Watu wamekatwa kwa uongo mdogo kama huo.

mkulima_msambweni
Mimi ndiye huyo mnayemwandika kwenye fomu. Kila anayeomba anaandika "nitasaidia wakulima 500 wadogo" na shamba langu hajawahi kulikanyaga. Nasema bila ubaya.

Wakati wa lokdauni mamaunga ulimwaga muhogo kwako, sisi wetu ulibaki ardhini. Watu wasema muhogo wavumilia ardhini, kweli wavumilia, lakini ukizidi wakati wake wawa nyuzi tupu, na ile michirizi ya kahawia ikiingia wauchimba mzuri kwa nje wakata ndani umeoza pande pande. Mbegu ya zamani yapata sana. KALRO Mtwapa, kituo cha utafiti wa kilimo, wana mbegu kama Tajirika zinazostahimili, lakini kupata vijiti vya kutosha ndo shida, mtu apata vya kupanda uani.

Sasa sikiza, kwa maoni yangu wewe waomba mashine mahali sipo. Kilo moja ya unga yataka kilo tatu mpaka nne za muhogo mbichi. Kwa hiyo gari linalovuka feri ya Likoni linabeba maji na maganda zaidi ya chakula, na saa inahesabika mzigo usioze. Mashine ya kuchana na ya kukaushia ikiwa huku kwetu, tunachimba leo tunachana leo, wewe wachukua vipande vikavu vinavyokaa miezi, kizuizi kiwe kimoja viwe kumi, vipande havina haraka. NARIGP, ule mradi wa kilimo wa Benki ya Dunia, iko Kwale na Kilifi, Mombasa haimo, na hutoa kwa vikundi vya wakulima. Sisi kikundi tunacho. Tukiomba sisi mashine wafadhili watatuuliza mnunuzi ni nani, na wewe ukiomba watakuuliza wakulima ni kina nani. Waona?

Ila bei iandikwe. Mnunuzi akija msimu wa muhogo kuwa mwingi ndo anajifanya hatujui, nimechoka na hao.

dizeli_na_maji
Huyu mzee wa Msambweni ndo ameongea kitu cha maana hapa. Lakini vipande vya kuanika shambani ndo vile vya kwenye vumbi na kuku anapita juu. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja KEBS ilipiga marufuku unga wa mahindi wa kampuni tano nzima sababu ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu, na hao wana maabara. Muhogo ukilala na unyevu nao unaota ukungu. Mama atanunua vipande vyenu viwe vya kijani?

mkulima_msambweni
Ndio maana nikasema mashine ya kukaushia, sikusema barabara ya lami. Na kipimo cha unyevu ni kifaa cha kushika mkononi, mnunuzi apime mbele yetu, kisichokauka kirudi.

mamaunga_kisauni
Mashallah nimesoma yote, asanteni sana. Mzee wa Msambweni hata sikuwahi kufikiria hivyo, mimi kichwani mashine nimeiona hapa hapa uani kwangu.

Nimeanza kuandika lakini bado sijui niseme nini pale wanapouliza "umeathirikaje na janga na umechukua hatua gani". Hasara nimeijaza ukurasa mzima, hoteli, muhogo kuoza, lile deni. Hatua sina. Labda lile la Ramadhani. Hoteli zilipofunga nilibaki na magunia ya muhogo na mfungo ndo huo waingia, nikasema watu futari watapika nyumbani si watatoka, nikawamenyesha kina mama, twapakia kilo mbili mbili, anayetaka twamtilia na nazi, vijana wa boda wapeleka. Kwanza Kisauni tu, Mshomoroni, Bombolulu, alafu watu wakapeana namba. Mji wa Kale ulipofungwa tarehe 6 mwezi wa tano na soko la Marikiti nalo limefungwa, twafikisha mpaka kizuizini, watu wa ndani waja kupokea pale, wengine wazee wamtuma mtoto. Saa ya kurudi twakimbizana na kafyu. M-Pesa chini ya elfu moja ilikuwa haikatwi basi hakuna aliyesumbua kulipa. Faida yake ilikuwa ndogo sana, nilifanya ili mzigo usioze. Na unga baadaye wakaanza kuuliza wa ugali, wa kuchanganya na wa mahindi. Sasa hilo ni la kuandika kweli?

mhasibu_tudor
Mama! Umelificha andiko lako lote kwenye mstari wa mwisho.

Hasara iandike sentensi mbili tu. Kila mwombaji mwaka huu ana hasara, yule wa maua ana hasara, mwenye hoteli ana hasara, msomaji akifika fomu ya arobaini hasara hazioni tena. Granti hailipii kilichooza. Inanunua kitakachofanyika, na anayesoma anatafuta dalili kwamba huyu mtu atafanya. Wewe soko lilikatika, mwezi uliofuata ukapata njia ya kumfikishia chakula mtu aliyefungiwa ndani, na ukaendelea kununua kwa mkulima wa Kwale wakati hakuna mwengine ananunua. Hapo pana wakulima waliopata pesa, pana nyumba zilizokula, pana kina mama wa kumenya waliolipwa. Na ushahidi uko kwenye simu yako, fungua stetimenti ya kuanzia mwisho wa mwezi wa nne mpaka Idi, hesabu malipo yaliyoingia, hesabu nyumba si pakiti, maana nyumba moja yaweza kuwa ilinunua kila siku. Idadi itakayotoka iandike hiyo hiyo. Ikiwa ni ndogo iwe ndogo.

Krispi nazo usizifanye dawa ya njaa, watakucheka kweli. Sema ndizo zilizokuwa zinalipa mishahara na hoteli zikifunguka zitalipa tena, na chakula unachoomba kusaidiwa ni unga na muhogo wa kumenya. Biashara yenye miguu miwili wanaipenda.

dizeli_na_maji
Haya nimekubali la Ramadhani ni kali. Lakini msimjengee mama ghorofa hewani. Hizo za Umoja wa Ulaya wanataka kampuni inayofikia wakulima maelfu, na mchango wake wa mamilioni. Mama ana watu watano. Mnataka akakope?

mhasibu_tudor
Hapo dizeli ana haki na ningekuwa mimi nisingeomba kubwa. Mama angalia kiwango cha chini cha tangazo lako, si cha juu. Kama kiwango cha chini pekee ni kikubwa kuliko mauzo yako ya mwaka mzima, hiyo si yako, iache bila uchungu. Na usikope kwa ajili ya mchango, afadhali uombe kitu kidogo unachoweza kuchangia. Nyengine mtu hawezi kuomba mwenyewe hata akitaka, kama ile ya IFAD, mfuko wa kilimo wa Umoja wa Mataifa, waliyoifungua mwezi wa nne kwa ajili ya korona, walianza na dola milioni 40, zinapitia serikali na miradi iliyopo tayari. Kwa hiyo mtu akikutumia fomu ya "IFAD" ya kujaza kwa simu na kutuma elfu mbili, unajua ni nini hiyo.

Kwa ukubwa wako njia ya mzee wa Msambweni naiona ndiyo: wao waombe mashine kama kikundi, wewe uwe mnunuzi kwa barua, na wewe uombe kidogo kwa upande wako, kusaga, kupakia, KEBS, na usafiri wa kufikisha mitaani.

bintisamaki_likoni
Naongeza tu, mashine ikiwa ya kikundi muandike mapema nani anailinda, nani ananunua mafuta na nani anaitengeneza ikiharibika. Yetu ya barafu ilikaa miezi imezimwa kwa ugomvi wa bili ya stima, na tulikuwa marafiki wote.

mkulima_msambweni
Mamaunga njoo Jumamosi, uzungumze na kikundi. Njoo na bei yako mkononi, sisi tutakuwa na yetu. Usije na samosa ukadhani tutalainika.

mamaunga_kisauni
Samosa ntaleta na bei ntaleta mzee wangu, tutaonana inshallah. Hilo tangazo la mpwa wangu nimeangalia kiwango cha chini, ni kubwa, siwezi. Kuna jengine dogo limeletwa inbox na mtu wa hapa, nalijaza hilo. Nimebakisha swali moja wauliza maganda na maji machafu vyaenda wapi. Maji tuna shimo. Maganda kusema kweli twamlipa mkokoteni anayachukua, anakoyapeleka simuulizi.

mbuzi_wa_mshomoroni
Maganda mwalipia yatupwe?? Mimi nina mbuzi kumi na mbili hapa Mshomoroni na majani nanunua. Nayachukua bure kila siku.

mkulima_msambweni
Usiwape mabichi, yana sumu hasa ya muhogo mchungu. Anika mpaka yakauke kabisa kwanza.

mamaunga_kisauni
@mbuzi_wa_mshomoroni njoo kesho baada ya alasiri na magunia yako. Na uje na kalamu, utaniandikia barua uisaini kwamba wewe ndiye wachukua maganda, niitie kwenye fomu.